Kadi ya Watalii na Kipande cha Karatasi

Mwezi wa kumi wa mwaka 2025, Mwaka wa Jubilei, tulifika Roma pamoja na mama wa nyumba yetu, kwa siku mbili tu. Feza ya safari tuliiweka akiba kidogo kidogo, na yote itakayosalia ilikuwa imekwisha kuahidiwa: ndiyo ya masomo ya kitinda mimba wetu.

Hata hivyo, tulipoiona kadi ya watalii dukani, moyo ulituvuta. Kadi moja, na mji wote ni wetu! Mkono ulikuwa mfukoni tayari.

«Baba, ngoja kwanza,» mama akasema. «Tuandike tunakotaka kwenda.»

Tukaandika. Mahali pa kwanza ni kaburi la Mtume Petro, kisha Laterano, Paulo nje ya kuta, na Maria Mkuu. Katika makanisa hayo makuu manne mtu huingia bure. Makumbusho ya Vatikano hayamo katika kadi ile. Ikabaki Kolosseo: tikiti euro 18. Safari sita za basi, kila moja euro 1.50, ni euro 9. Jumla 27 kwa kila mtu. Na kadi ya saa 48, inayofungua mahali pamoja tu bure pamoja na mabasi, ilizidi euro 30.

Tuliona haya. Kumbe tulitaka kununua jina la kadi, wala si faida yake!

Hatusemi kwamba kadi ni udanganyifu. Ile ya saa 72 hufungua mahali pawili. Anayekaa siku tatu na kupanda basi mara nyingi aweza kupata faida. Bali wazazi wakumbuke: mtoto asiyetimiza miaka 18 huingia bure katika makumbusho ya serikali ya Italia. Ya nini kumnunulia kadi?

Tena, mwenye kadi huhesabu saa, akikimbia ili asipoteze alicholipia. Sisi jioni ile tulikaa kimya katika Kanisa la Maria Mkuu, alimozikwa Papa Fransisko mwaka ule ule, wala hapakuwa na saa iliyotufukuza.

Ndugu wasomaji, mkisafiri, shikeni kalamu kabla ya kufungua mfuko. Andikeni mnachokitamani kweli, ondoeni kilicho bure, jumlisheni kinachobaki. Karatasi ile tumeitunza nyumbani. Na mtoto wetu yuko darasani.