Mkate, Baridi na Ujirani: Maisha ya Mwanafunzi Mjini Kairo

Kila mwaka baadhi ya vijana wetu wa Pwani hufunga safari kwenda Misri kutafuta elimu katika Al-Azhar. Wazazi huwasindikiza kwa dua, na aghalabu picha iliyo akilini mwao ni ya msikiti mkongwe, mwanachuoni ameegemea nguzo na wanafunzi wamemzunguka. Picha hiyo si ya uongo. Msikiti wa Al-Azhar ulianza kujengwa mwaka 970, na darsa zingali zikisomeshwa humo. Lakini mwanafunzi haishi darasani peke yake. Huishi pia katika foleni ya mkate, ndani ya mikrobasi iliyojaa, na katika chumba cha kupanga chenye watu watano. Sisi tuliosoma huko katika miaka ya 1990 twaona ni wajibu kueleza upande huo, kwani ndiko kijana anakoimarika au anakovunjika.

Mtihani wa kwanza ni lugha. Kijana hutoka madrasani ameisoma Ajurrumiya, aweza kutaja irabu ya kila neno, lakini Kiarabu cha vitabuni hakinunui nyanya. Watu wa Kairo hutamka jim kama g, hivyo Jamal huwa Gamal. Qaf huimeza, na qahwa ikawa ahwa. Mkate tulioujua kwa jina la khubz, wao huuita eish, neno lenye maana ya uhai. Muuza mboga alitusikiliza kwa adabu, kama amsikilizaye khatibu juu ya mimbari, kisha akauliza tunataka nini.

Skuli yetu ya lugha ya mtaani ikawa ni foleni ya mkate. Mikate ilitoka tanuuni ikifuka moshi, na wanunuzi wakaitandaza ukingoni mwa barabara au juu ya boneti za magari ipoe isigandamane. Hapo ndipo wazee walipotuuliza kwetu ni wapi, wakatusahihisha matamshi, wakatufundisha methali zao. Siku hizo mkate mmoja uliuzwa piasta 5. Leo mkate wa ruzuku hutolewa kwa kadi kwa raia, na mwezi wa Juni 2024 hata bei hiyo ilipandishwa ikafika piasta 20. Mgeni asiye na kadi hununua kwa bei ya soko. Kwa hiyo mzazi asimpimie mwanawe matumizi kwa hesabu ya ami yake aliyesoma huko zamani.

Chakula chenyewe huzoeleka. Asubuhi ni ful, yaani maharagwe yaliyopikwa polepole usiku kucha, pamoja na taamiya. Mchana ni koshari, mchanganyiko wa wali, makaroni na adesi, juu yake vitunguu vya kukaanga na mchuzi wa nyanya. Hushibisha kwa fedha kidogo. Asiyeonja ni nazi, na mtoto wa Pwani huihisi pengo hilo hasa siku za Ijumaa.

Baridi haizoeleki upesi. Disemba na Januari usiku huteremka kufikia nyuzi 10 hivi, na nyumba nyingi hazina cha kupashia joto. Kijana aliyekulia Malindi au Lamu, ambaye hajapata kuvaa sweta, hutawadha alfajiri kwa maji yanayouma. Blanketi zito ni hitaji la lazima kama kitabu.

Wengi wa wanafunzi wageni hupanga Madinat Nasr, karibu na chuo kikuu. Ghorofa moja hukaa Wakenya, ya juu Waindonesia, ya chini wenyeji. Kuishi hivi kuna asili ya kale. Zamani kila taifa lilikuwa na riwaki yake ndani ya Al-Azhar, mahali pa kulala na kusoma. Ilikuwako riwaki ya Jabart kwa ajili ya wanafunzi wa Pembe ya Afrika, na katika ukoo wa masheikh wake alizaliwa Abdulrahman al-Jabarti, mwandishi mashuhuri wa tarikhi ya Misri aliyezaliwa mwaka 1753. Wazee wake walikuja wageni, naye akawa ndiye mwenye kuwasimulia wenyeji habari zao. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo Pwani, alizaliwa Ghaza, akafika Misri mgeni, akafariki huko mwaka 820. Tulipozuru kaburi lake tulipata kitulizo kikubwa kwa kukumbuka hilo.

Ujirani ndio uliotubeba. Mwezi wa Ramadhani meza hutandikwa mabarabarani, na apitaye yeyote huketi akafuturu bila ya kuulizwa ni nani. Na katika miaka yetu, mwenzetu mmoja alipata kwa barua habari ya kifo cha babake, ilhali maziko yalikwisha wiki tatu nyuma. Alianza kufunga sanduku. Jioni ile mama mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye hata jina la kijana hakulijua, alipanda ngazi na sufuria ya supu ya adesi. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mwenzetu alifungua sanduku, akakamilisha masomo, na leo anasomesha watoto wa wenziwe. Sisi tulikuwa na maneno mengi ya kumliwaza, ila tuliona kwamba iliyomkalisha ni supu ile.

Siku hizi simu hufikisha sauti papo hapo. Lakini wazazi wengi huuliza mawili tu: utamaliza lini, na je, umefaulu? Kijana akisikia hayo kila wiki hujifunza kuficha njaa, baridi na somo lililomshinda, hata siku moja ikaja habari kwamba ameacha chuo na hajulikani alipo. Ndugu zetu wazazi, ulizeni na mengine. Amekula nini leo? Ana blanketi? Jirani yake ni nani, na akiugua usiku atamgongea nani mlango? Akiweza kulijibu hilo la mwisho, mshukuruni Mwenyezi Mungu. Asipoweza, msisubiri matokeo ya mtihani.