Hesabu za Betri Ruaha

Kutoka Iringa mjini barabara hupita Idodi, kisha Tungamalenga, halafu mibuyu inachukua nafasi ya nyumba. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Ilikuwa Oktoba, Mto Ruaha Mkuu umebaki madimbwi, na tembo wanachimba mchanga wakitafuta maji. Simu yangu ya mkononi ilikwisha kupoteza mtandao.

Kituo cha doria nilichofikia kina nyumba mbili za bati, jiko la kuni na mlingoti wa antena ulioshikizwa kwa kamba za chuma. Umeme wa gridi haujafika. Jenereta ipo, ila huwashwa kwa nadra: petroli hufuatwa mbali, na mngurumo wake humjulisha jangili mahali askari walipo. Kwa hiyo simu ya upepo, inayowaunganisha na wenzao walioko porini, inaishi kwa jua.

Redio yenyewe ni ya VHF, imekaa mezani pamoja na daftari la zamu. Betri iko nje ya ukuta, katika sanduku la mbao lenye matundu, kwa sababu betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Fyuzi imefungwa karibu kabisa na betri, ili nyaya zikichunika na kugusana, umeme ukatike kabla moto haujawaka. Nyaya zinazopenya ukutani ni nene, na hazifiki mita mbili.

"Zamani meza ilikuwa kule dirishani," askari wa zamu alinieleza. "Ukibonyeza tu kuongea, redio inazima."

"Betri ilikuwa mbovu, afande?"

"Betri nzima. Waya ndio ulikuwa mwembamba, tena mrefu."

Redio hiyo ikisikiliza hutumia karibu nusu ampea. Ikirusha sauti huvuta 10. Ampea 10 zikipita kwenye waya wenye ukinzani wa omu 0.1, volti 1 nzima hupotelea njiani. Betri inasoma 12.3, redio inapata 11.3. Basi wakaisogeza meza kwenye betri na kuurefusha waya wa antena.

Ukutani wamebandika hesabu ya siku. Kusikiliza saa 24: ampea-saa 12. Kuongea, jumla ya saa moja: 10. Paneli ya wati 100 iliyo juu ya bati, jua likiwaka vizuri, hurudisha 25 hivi. Betri ni ya ampea-saa 100, lakini hawathubutu kuishusha chini ya nusu; betri ya asidi inayozoea kukaa bila chaji hujenga ganda la salfeti kwenye sahani zake, na hufa mapema. Mawingu ya masika yakitanda siku tatu, ziada yote imekwisha.

Ugomvi wa kituo unaanzia hapo. Simu sita za mkononi zikichajiwa humeza karibu ampea-saa 9, yaani takriban saa nzima ya kuongea redioni. Sheria ni kwamba simu huchajiwa adhuhuri tu. Kijana mmoja alijaribu kuchomeka yake jua lilipokwisha kuzama, akafukuzwa kwa kelele.

Saa moja jioni doria zikaanza kuripoti.

"Kituo, kituo, mnanipata? Ova."

"Nakupata. Leta, ova."

Mahali, idadi ya watu, hali zao, kisha kimya. Hakuna salamu za nyumbani wala utani. Nilidhani ni nidhamu ya kijeshi, mpaka nilipomwona askari, kila akiachia kitufe, akitupia jicho kipimo cha volti.

Nilimuuliza, akipewa fedha, angenunua redio ya kisasa?

"Hii inatosha," alijibu. "Mwandishi, andika betri ya pili."