Bukavu: nyumba nzuri iko katika kartie gani?

Kila juma tunapokea simu redioni za wasikilizaji wenye kuuliza jambo moja kwa maneno tofauti: hapa Bukavu, mtu mwenye familia akitaka kupanga pahali pazuri, aende wapi? Wengine wako hapa mjini, wametoka Kalehe, Walungu, Minova ao Goma, na wanaishi kwa ndugu watu kumi ndani ya vyumba viwili. Wengine wako mbali, wanatuma pesa na wanataka wazazi wao walale pahali pa usalama. Leo najibu kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu, kwa sababu swali hilo lilifika hadi nyumbani kwangu.

Yaya wangu anaishi Kanada. Alipojua kwamba mulamu wetu amefika kwangu Kadutu na watoto wake 4, alinipigia simu akasema: tafuta nyumba ya heshima, Muhumba ao Labotte, mimi nitasaidia kulipa. Kwake yeye, aliyeondoka Bukavu akiwa kijana, kartie nzuri ni zile za kando ya ziwa, na haikuwa rahisi kumwambia kwamba mambo si mepesi hivyo. Nilichukua siku zangu za mapumziko, nikatembea na mama, mulamu na komisioneri mmoja baada ya mwingine.

Kwanza tukumbuke jinsi mji wetu ulivyo. Bukavu, ambayo wakati wa Wabeleji iliitwa Costermansville, imejengwa juu ya vilima, na vidole vyake vya ardhi vinaingia katika Ziwa Kivu. Ziwa lenyewe liko kwenye urefu wa karibu mita 1460 juu ya bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Wazungu walichukua vidole hivyo vya ardhi, penye upepo wa ziwa na barabara za lami. Wafanyakazi weusi wakawekwa Kadutu, na baadaye Bagira. Mpaka leo ukisikia mtu anasema «kartie ya wakubwa», ujue anazungumza juu ya sehemu ya komini ya Ibanda: Labotte, Muhumba, Nguba. Bei inafuata ramani ile ya zamani.

Tulianzia Labotte na Muhumba. Sitadanganya, ni pazuri. Miti mikubwa, nyumba zenye bustani, ukuta na geti, kimya cha mchana ambacho sisi wa Kadutu hatukijui. Ardhi karibu na barabara ni tambarare kuliko sehemu nyingi za mji. Kwa miaka mingi nyumba hizo zilipangwa na mashirika na watu wa Umoja wa Mataifa, ndiyo maana wenye nyumba walizoea kuhesabu kwa dola na kulipwa miezi mingi kwa mara moja. MONUSCO iliondoka Kivu Kusini katikati ya mwaka 2024, na tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia mjini, benki zilifunga milango. Nilifikiri bei zimeshuka sana. Kweli zimeshuka pahali pengine, lakini tabia ya kuomba garanti haijashuka.

Muhumba tuliona nyumba ndogo ya nyuma, ile iliyojengwa zamani kwa ajili ya watumishi, vyumba 3. Mwenye nyumba aliomba garanti ya miezi 6. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba sheria ya Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba za kuishi inasema garanti isipite miezi 3. Alicheka. Halafu akauliza nani atakaa ndani. Nilipomwambia ni mama yangu, mulamu na watoto, na kwamba mulamu ametoka Kalehe, alibadilika uso.

«Bakimbizi, hapana. Leo banakuya batano, kesho banakuwa makumi mbili. Banaharibu nyumba.»

Mulamu alikuwa amesimama pale pale, mtoto mgongoni. Hakusema neno. Tulitoka, na mama ndiye aliyeaga kwa niaba yetu wote, maana kwetu mtu haondoki kwa mwenzake bila kuaga. Naandika jambo hili kwa sababu najua familia nyingi zinazotusikiliza zimejibiwa hivyo, na labda zinafikiri ni wao peke yao.

Nguba nako kuna wakubwa, na kuna faida ya kuwa karibu na mpaka wa Ruzizi ya kwanza. Mama mwenye biashara ndogo anaweza kuvuka asubuhi kwenda Kamembe na kurudi jioni, mpaka ukiwa wazi. Tulionyeshwa nyumba ya etaji iliyo karibu na maji, mpya, vigae vinang'aa. Hapo ndipo mulamu alifungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile. Hakuuliza juu ya vyumba. Aliuliza: «Mvua ikinyesha, mayi ya kule juu inapitia wapi?»

Komisioneri alimtazama kama vile ameuliza jambo la ajabu. Mimi nilielewa. Mulamu ni wa Nyamukubi. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka kutoka milimani na mawe na miti, ikafagia Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Yeye na watoto waliokoka kwa sababu nyumba yao ilikuwa upande wa juu. Vita ndiyo ilimfukuza baadaye, lakini anaogopa maji kuliko risasi. Alizunguka ile nyumba ya Nguba, akatuonyesha mfereji mdogo ulioziba kwa chupa na mifuko, na ukuta wa jirani uliojengwa juu ya njia ya maji. Nyuma, upande wa ziwa, mwenye nyumba alikuwa amejaza mawe na udongo ili kuongeza parseli. Mulamu akasema: «Hapa ziwa itakuya kuomba kitu yake.» Tukaondoka.

Toka siku ile nilianza kuangalia mji kwa macho ya mulamu. Bukavu mvua inaanza Septemba hadi Mei, na kila mwaka tunatangaza kwenye redio nyumba zilizobomoka na watu waliofunikwa. Mara nyingi tunafikiri ni shida ya maskini peke yao, wale wenye nyumba za mbao kwenye miteremko ya Kadutu. Ni kweli wao ndio wanaoumia zaidi. Pale Funu udongo unateremka polepole, wataalamu wamepima mwendo wake, na wakaaji hawahitaji vipimo, wanaona nyufa za ukuta zikipanuka. Lakini udongo hauulizi nani ana vigae. Nyumba ya etaji tatu iliyopandishwa juu ya mteremko uliokatwa wima, bila ukuta wa kushikilia udongo, ni hatari hata kama geti lake ni la chuma. Na tukumbuke tetemeko la Jumapili tarehe 3 Februari 2008. Siku hiyo nyumba zilipasuka hapa kwetu na ng'ambo ya Ruzizi.

Tulikwenda pia Panzi, upande wa Mushununu. Hapo ndipo watu wenye kazi nzuri wamejenga kwa miaka ya karibuni: madaktari, wafanyabiashara, watu wa mashirika. Kuna nyumba safi, na hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege alianzisha mwaka 1999, iko karibu. Kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani hiyo si faida ndogo. Shida ni barabara. Kutoka Panzi mpaka katikati ya mji lazima upite Essence, na pale asubuhi taksi, motari na mama wa soko wanabanana mpaka mtu anashuka na kutembea. Mvua ikinyesha ni potopoto hadi kwenye goti. Nyumba tuliyoipenda ilikuwa na bei ya kuvumilika, lakini maji ya bomba yalikuwa yanafika usiku, siku mbili kwa juma, na siku nyingine mtoto anashuka bondeni na kidumu. Mama alihesabu ngazi za udongo kutoka barabarani hadi mlangoni: 64. Ana miaka 71.

Yaya aliposikia hayo akasema: basi tusipange, tununue kiwanja nje ya mji, tujenge. Wengi wa ng'ambo wanafikiri hivyo. Wanaangalia Mbobero, Mudaka, ao njia ya Kavumu, karibu kilomita 30 kaskazini, kule kwenye uwanja wa ndege. Kule kuna nafasi, hewa nzuri na shamba la mboga. Lakini ukitoka mjini unaingia teritwari ya Kabare, na hapo ardhi ina wenye nyumba wawili. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ni ya Serikali, na hati yenye nguvu ni ile ya kuandikishwa, sertifika. Kwa desturi, ardhi inatoka kwa Mwami na watu wake, kwa njia ya kalinzi. Mtu anaweza kukuuzia akiwa na karatasi ya chefu na mashahidi wanne, halafu baada ya mwaka anatokea mwingine na sertifika ya mji. Nimekaa mahakamani kama mwandishi wa habari, nimeona familia zikibomolewa nyumba zikiwa na karatasi mkononi. Nilimwambia yaya: pesa yako ibaki mfukoni mpaka tuweze kuuliza kwenye ofisi ya ardhi, kwa chefu, na kwa majirani wa pande zote nne. Na katika wakati huu wa vita, nani atatuhakikishia saini ya leo?

Mwisho tulifika Bagira. Nakiri kwamba yaya hakufurahi kusikia jina hilo. Kwake Bagira ni mbali, ni pahali pa watu wa hali ya chini. Lakini Bagira ilipangwa. Wabeleji waliijenga kama mji wa wafanyakazi, na sehemu ile ya zamani ina njia zilizonyooka, nyumba zenye nafasi katikati yake, na ardhi iliyolala kuliko Kadutu. Soko liko karibu, shule ziko karibu, kuna hospitali. Nyumba tuliyoipata si mpya. Bati lina kutu, choo kiko nje. Mulamu alitembea pande zote, akaona mfereji unapita wazi, akagusa ukuta, akatikisa kichwa kukubali. Mama aliulizwa kama hatakosa kuona ziwa. Akajibu: «Ziwa nilishaiona. Mimi natafuta soko yenye naweza fika na miguu.»

Mwenye nyumba, mzee mmoja aliyestaafu, aliomba garanti ya miezi 3. Aliuliza watoto wanasoma darasa gani. Hakuuliza wametoka wapi. Jioni ya kwanza jirani alileta sahani ya sombe. Kwa mulamu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa anakula chakula cha watu akiwa ameinamisha kichwa, sahani hiyo ilikuwa ya kukaribishwa, na alilia kidogo alipoirudisha na viazi ndani.

Sitaki mtu aelewe kwamba kila mmoja aende Bagira. Barabara yake ni mbaya, usiku motari anaongeza bei, na mwenye kazi Nyawera ataamka mapema. Mwenye uwezo wa Muhumba aende Muhumba kwa amani. Lakini kwa familia inayosikiliza redio hii na inatafuta pa kuanzia, haya ndiyo maswali ambayo sasa namwambia kila anayenipigia simu.

Nenda kuona nyumba siku ya mvua, ao kesho yake, kabla potopoto haijakauka. Fuata maji kutoka juu mpaka chini na uone nani amejenga kwenye njia yake. Angalia pembe za milango na madirisha kama kuna nyufa mpya. Uliza jirani, si komisioneri, bomba linatoa maji siku ngapi na umeme unafika saa ngapi. Tembea kwa miguu na mtu mzee wa nyumbani kwako kutoka barabarani mpaka mlangoni. Hesabu njia za kutoka: kama ni moja tu, jua hivyo kabla ya kulipa. Usitoe pesa ya kuonyeshwa nyumba kabla ya kuonyeshwa. Garanti iandikwe kwenye karatasi, na jina la kila anayelipa na kila anayepokea, na iwe miezi 3.

Na wewe mwenye nyumba unayesoma ao unayesikiliza: mulamu wangu alikuwa na nyumba yake Nyamukubi, ya matofali, vyumba 4, aliipaka chokaa kila Noeli. Akija mtu kama yeye kwenye mlango wako, muulize kwanza kazi gani anajua kufanya na watoto wake wanasoma wapi. Kisha ndipo mzungumze bei.