Dumu Lile Lilikuwa Moja Tu



Wapendwa Taifa la Mungu,

Sisi wa Tunduma tumezoea malori kuliko mitumbwi. Hata hivyo mkoa wetu wa Songwe unateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, na samaki wa ziwa hilo hufika mezani petu. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumia kigango kimoja cha kando ya ziwa, mvuvi mmoja alituomba tuubariki mtumbwi mpya aliouunda mwenyewe kwa mbao. Tulisali, tukaunyunyizia maji ya baraka, tukala naye ugali kwa samaki. Hatukumwuliza swali hata moja.

Kabla mwaka haujaisha, upepo mkali uliukuta mtumbwi ule mbali na ufuko. Mawimbi yaliujaza, na uzito wa injini na nyavu ukauvuta chini. Mvuvi alipona kwa kukumbatia dumu tupu lililoelea karibu naye. Mdogo wake hakupata cha kushika. Tulimzika sisi wenyewe. Baada ya mazishi kaka yake alitwambia kwa upole: "Padre, dumu lile lilikuwa moja tu."

Alipounda mtumbwi wa pili, alifunga madumu sita matupu ya lita 20 chini ya mbao za kukalia, matatu mbele na matatu nyuma, yakiwa yamebanwa ubavuni. Vifuniko alivikaza, na kamba alizitia imara, kwa kuwa maji hulisukuma dumu kwenda juu kwa nguvu. Kila dumu likizamishwa huinua karibu kilo 19. Yote sita hupita kilo 110. Kisha akausogeza mtumbwi penye maji ya magoti, akaujaza maji kwa makusudi. Haukuzama. Jaketi okozi nayo aliinunua, maana madumu hukiokoa chombo, lakini mtu aweza kutupwa mbali nacho.

Majirani walimcheka: "Huyu amepungukiwa imani. Kama Mungu amepanga, madumu yatafanya nini?" Ndugu zangu, swali hilo tunalisikia hata huku mjini, kwa wasiovaa kofia ya pikipiki na kwa wanaochelewa kwenda hospitali.

Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mungu alimwahidi Paulo kwamba hakuna atakayepoteza maisha kati ya watu 276 waliokuwa melini. Ahadi ilitimia, lakini ilitimiaje? Waliojua kuogelea waliogelea. Waliobaki walifika nchi kavu juu ya mbao na vipande vya meli. Mungu hakuona haya kuitimiza ahadi yake kwa ubao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 walifariki. Siku mbili baadaye mhandisi mmoja alitolewa akiwa hai, kwa sababu mahali alipokuwa palibaki hewa iliyonaswa. Tulimshukuru Mungu, na hatukuidharau hewa ile.

Basi na sisi tuungame. Siku ile ya baraka tulimwachia Mungu kazi aliyotukabidhi sisi. Baraka haikuwa bure. Sisi ndio tuliokuwa wavivu wa kuuliza. Tangu hapo, tukialikwa kubariki chombo chochote, mtumbwi, pikipiki au lori, kwanza tunauliza: kikijaa maji, nini kitakiinua? Breki zake zikoje? Ndipo tunachukua maji ya baraka.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Juma hili kila familia ijiulize: ni dumu gani hatujalifunga, huku tukisema tunamtumainia Mungu?

Tuwaombee wote waliofia majini. Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Wenu katika Kristo,
Paroko