Kabla Hujamlipa Mkaguzi

Houston, Texas

Mpwa wangu Idi,

Mama yako ameniambia kwamba ofa yako ya kununua nyumba imekubaliwa huko Minneapolis. Hongera sana. Anasema dalali amekutafutia mkaguzi wa nyumba, eti "ana leseni". Muulize: leseni ya nani?

Huku Texas, anayekagua nyumba ya kununuliwa hupewa leseni na Texas Real Estate Commission. Husoma, hufanya mtihani, hukata bima, na ripoti huiandika kwenye fomu ya tume. Minnesota haina leseni ya jimbo kwa kazi hiyo; mwenye ngazi na tochi anaweza kujiita mkaguzi kesho asubuhi. Labda dalali anazungumzia ile ya manispaa. Minneapolis huwapa leseni watu wanaoandika ripoti ya Truth in Sale of Housing, ambayo muuzaji hutakiwa kuwa nayo. Isome, lakini aliyeilipia ni muuzaji, na haifiki mbali. Wewe tafuta mkaguzi wa kwako, tena si kwa dalali, ambaye halipwi mpaka nyumba iuzike.

Kwa kuwa leseni ya jimbo hakuna, angalia cheti: chama cha wakaguzi wa nyumba, ASHI, hakimpi mtu cheti cha mkaguzi kamili mpaka afaulu mtihani wa taifa na awe amefanya kaguzi 250 za malipo. Kuwa mwanachama tu hakutoshi, maana wapya nao wamo. Mimi naamini zaidi ripoti za nyuma za mkaguzi mwenyewe. Mwombe moja, majina yakiwa yamefutwa. Ukikuta kila ukurasa umeandikwa "mtaalamu aangalie zaidi", huyo anajikinga mwenyewe. Unataka picha, mahali palipoharibika na kwa nini. Ulizia bima ya makosa ya kazi. Na siku ya ukaguzi uwepo, uingie naye hadi chini ya nyumba, asipotaka, mwache. Akijitolea kukutengenezea alichokiona kibovu, mwache vilevile.

Usisahau radoni, gesi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini na kuleta saratani ya mapafu. Kwa hesabu za Idara ya Afya ya Minnesota, nyumba 2 kati ya 5 zina kiwango cha kutisha. Hapo sasa jimbo ni kali: tangu 2019 anayeipima kwa malipo lazima awe na leseni ya idara hiyo. Mpima gesi ana leseni, mkagua nyumba nzima hana! Ndiyo Marekani hiyo.

Mkataba umekupa siku ngapi za ukaguzi? Piga picha ukurasa huo, unitumie leo usiku.

Mjomba wako,
Hamisi