Pumzi ya Pikipiki Kuukuu

Injini huishi kwa pumzi kama tuishivyo sisi. Huvuta hewa, huichanganya na petroli, huichoma, kisha hutoa moshi. Lakini mtu akipanda mlima hupumua upesi zaidi bila ya kuamriwa, na injini ya kale haijui kama imepanda mlima au imeshuka bondeni. Ujinga huo mdogo wa chuma ndio ulionifanya nitake kuibadili pikipiki kuukuu niliyoirithi kwa marehemu baba yangu. Kazi ilifanywa kwa spana na bisibisi, lakini faida yake kubwa niliipata katika elimu, na katika kuwajua watu walio nayo.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125 iliyotengenezwa mwaka 1982. Aina hii ilianza kutolewa na Wajapani katikati ya miaka ya 1970, nayo ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambazo barabara zake ni ngumu na mafundi wake ni wachache. Vali zake husukumwa na fito za chuma, ili isidai matengenezo ya mara kwa mara. Uzao wake ni mwingi, maana injini nyingi za Kichina zilizokuja baadaye kufanya kazi ya bodaboda zilinakiliwa kwake. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa pikipiki hiyo alichukua karatasi za mitihani, magunia ya mahindi, na mara moja mama mja mzito asiyekuwa na muda wa kungoja gari. Watu wa kijiji chetu waliijua kwa mlio kabla ya kuiona.

Ndani ya pikipiki ya namna hii mna kabureta, chombo kisicho na umeme wala akili, ingawa kilitungwa na watu wenye akili nyingi. Hewa ikipita katika koo lake jembamba huenda mbio, na ikienda mbio kanieneo yake, yaani nguvu yake ya kusukuma, hupungua. Petroli iliyo katika kibakuli cha chini hunyonywa na upungufu huo, ikapanda katika tundu dogo, ikatawanyika kama umande. Sindano iliyochongoka hupanda na kushuka katika tundu hilo, ikizuia au ikiruhusu kwa kadiri mpandaji anavyozungusha mkono wa mafuta. Ili moto uwake sawasawa, kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Aliyechagua ukubwa wa tundu alifanya hesabu hiyo mara moja tu, kwa hewa ya mahali pamoja, na kabureta huirudia hesabu ile ile po pote iendapo, kama mwanafunzi aliyekariri jibu bila ya kusikiliza swali.

Basi hewa ya Kakamega si hewa ya Mombasa. Mji wetu umeinuka juu ya bahari kwa mita 1,535 hivi, na hapa kanieneo ya hewa ni pungufu kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja katika sita. Kisumu, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi, iko chini yetu kwa mita 400. Kapsabet, juu ya ukingo wa Nandi, inakaribia mita 2,000. Hewa inapokuwa nyepesi, petroli inayonyonywa haipungui kwa kadiri iyo hiyo. Kwa hiyo mchanganyiko huzidi mafuta, plagi huvaa masizi, moshi huwa mweusi, na nguvu hupotea mlimani, pale hasa inapohitajiwa. Ukitia tundu dogo linalofaa Kapsabet, kisha ukateremka nalo hadi Kisumu, petroli haitatosha na injini itapata joto la kuidhuru. Kila rekebisho huwa rafiki wa mahali pamoja na adui wa pengine.

Njia ya kupuliza petroli kwa kipimo imelijibu tatizo hilo. Mahali pa kibakuli na sindano huwekwa pampu inayoisukuma petroli kwa kanieneo ya mara tatu hivi ya ile ya hewa ya kawaida, hadi kwenye injekta, ambayo ni vali ndogo inayofunguliwa kwa umeme. Vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa, hupima kanieneo na joto la hewa, joto la injini, na upana wa mlango wa koo. Kimoja hukaa katika bomba la moshi na kueleza kama imebaki oksijeni. Kompyuta ndogo huzisoma habari hizo na kuamua injekta ifunguke kwa muda gani. Muda wenyewe ni sehemu chache tu za elfu za sekunde, na injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, uamuzi huo hufanywa mara 50 katika kila sekunde. Kwa ufupi, kabureta hukariri, na kompyuta huuliza.

Maarifa haya si mageni katika Afrika Mashariki. Katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, Peugeot 404 yenye kupuliza petroli kwa pampu ya mitambo, bila ya kompyuta yo yote, ilishinda miaka mitatu mfululizo: mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, na mwaka 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki wa Kenya. Kwa upande wa pikipiki, Kawasaki ilitoa pikipiki kubwa yenye injekta za umeme mwaka 1980. Kisha mwaka 2009, huko Brazili, jamaa wa pikipiki ya baba, Honda CG 150, alipewa injekta na kompyuta, akaweza kutumia petroli, au alkoholi ya miwa, au vyote viwili pamoja. Habari hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa moyo. Ikiwa mjukuu ameweza, yamkini babu naye hufundishika.

Nilipoitangaza nia yangu nyumbani, baba mdogo alitikisa kichwa. "Mwanangu," alisema, "marehemu aliitunza pikipiki hii miaka thelathini. Ukiitoa kabureta umeutoa moyo wake. Kesho utawaambia watu kuwa ni ya baba yako, na itakuwa si yake." Neno hilo lilikuwa zito, nami sikulidharau. Tulipatana kwa sharti moja: kisikatwe wala kisichomwe cho chote ambacho hakiwezi kurudishwa kama kilivyokuwa. Kabureta ilioshwa, ikapakwa mafuta, ikavikwa kitambaa safi na kuwekwa sandukuni. Sharti lile liliirefusha kazi, lakini liliitia adabu.

Shida ya kwanza ilikuwa umeme. Pikipiki ilikuwa ya volti 6, na nguvu yake ilitosha taa tu, tena taa hafifu. Pampu, injekta na kompyuta hudai volti 12 bila ya kukatika. Hapo ule ukoo wa injini ulitufaa. Fundi wangu, mzee wa jua kali aliyezitengeneza pikipiki za mji huu tangu ujana wake, alipata katika bodaboda iliyokufa gurudumu la sumaku pamoja na koili zake za volti 12, akavitia mahali pa vile vya zamani kwa marekebisho machache. Gurudumu hilo hutoa ishara kila linapozunguka, na kwa ishara hiyo kompyuta hujua pistoni ilipo. Tangi la petroli halikutobolewa. Pampu ilifungwa nje, chini ya ubavu wake. Kwa ajili ya kihisi cha oksijeni tulitafuta bomba jingine la moshi katika vyuma chakavu, nalo likachomelewa kiota. Bomba la asili lilikwenda kulala pamoja na kabureta.

Injini iliwaka, lakini ilikohoa kama mgonjwa. Ndani ya kompyuta mna jedwali la namba: upande mmoja kasi ya injini, upande wa pili kanieneo ya hewa, na katika kila chumba muda wa kufungua injekta. Jedwali lililokuja na vifaa lilitungwa kwa injini nyingine, na ilitupasa kulitunga upya. Siku mbili za kwanza fundi alikaa pembeni, akikitazama kioo cha kompyuta yangu ya mkononi kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nikamwomba afanye afanyavyo siku zote. Akaipanda pikipiki, akaenda, akarudi. Akafungua plagi na kuitazama juani.

"Mwalimu," alisema, "ikienda polepole inakunywa kupita kiasi. Lakini mkono ukifika nusu, inapoanza kuvuta mzigo, inaona kiu."

Nikazitazama namba. Kihisi cha moshi kilikuwa kimesema vivyo hivyo, lakini kilisema mambo mengi kwa mara moja, na mimi sikuwa nimeona pa kuanzia. Sikio lake lilinionyesha. Kwa muda wa siku nne tulirekebisha chumba baada ya chumba, yeye akisikiliza na mimi nikiandika, kutoka Kakamega hadi Chavakali, na kutoka Chavakali hadi Kapsabet. Mwisho wake pikipiki iliupanda ukingo wa Nandi bila ya moshi mweusi, na plagi ilipofunguliwa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ambayo kila fundi hufurahi kuiona. Siku hiyo mzee alitia kidole juu ya kioo na kunieleza ni chumba kipi kilichosalia. Alikuwa amekwisha kulisoma jedwali.

Haki inadai nieleze na upande wa pili. Alasiri moja ya mvua, katika njia ya msitu wa Kakamega, waya mmoja ulisuguliwa na chuma hata ukachubuka, ukagusa mwili wa pikipiki, betri ikaisha nguvu, na pampu ikanyamaza. Kwa kabureta na sumaku yake ya zamani, baba angalipiga kiki mara moja au mbili akaondoka, hata kama hana betri. Mimi nilisukuma. Petroli ilikuwa tele, hewa ilikuwa tele, lakini hapakuwa na umeme wa kuzikutanisha. Baadaye alitokea kijana wa bodaboda. Tuliufunga ule waya, akafungua betri yake mwenyewe na kuniazima, kwa kuwa pikipiki yake ya kabureta iliweza kwenda bila ya betri. Akanifuata nyuma hadi barabara ya lami, akaichukua betri yake, akakataa malipo. Pikipiki yenye kujua mengi iliokolewa na isiyojua lo lote.

Je, kijana yule afanye nilivyofanya mimi? Simshauri. Vifaa ni ghali, na petroli iliyookolewa ni kidogo. Mtu anayehesabu mapato yake kila jioni hawezi kungoja mpaka kidogo hicho kilipe deni. Kabureta iliyosafishwa na kupimwa vema bado humtosha. Lakini pikipiki zinazotoka viwandani kwa injekta zinazidi kuwa nyingi mwaka hata mwaka, nazo zitaharibika kama ziharibikavyo zote. Fundi asiyejua jedwali atakuwa mtu wa kubadilisha vipuri asivyovielewa, kimoja baada ya kingine, hadi ugonjwa uondoke kwa bahati, na mwenye pikipiki ndiye atakayelipa gharama ya kubahatisha huko. Naye aliyesoma jedwali darasani tu, asiyewahi kushika plagi yenye moto wala kusikiliza injini ikilemewa na mzigo, hatajua namba ipi inasema kweli.

Kwa hiyo, wanafunzi, msiidharau elimu ya mzee wa jua kali kwa kuwa haikuandikwa, wala msiiogope elimu ya kompyuta kwa kuwa imeandikwa kwa namba. Mkifundishwa kanieneo ya hewa katika somo la fizikia, kumbukeni kuwa jambo hilo linatendeka kila saa barabarani nje ya shule yenu, katika koo la kila pikipiki inayopanda kilima. Mkipata nafasi, nendeni mkaulize. Fundi mwema hupenda kuulizwa, na yeye naye ana maswali ambayo vitabu vyenu vinaweza kuyajibu.

Baba mdogo sasa huipanda pikipiki ile kwenda sokoni. Hulalamika kuwa mlio umebadilika kidogo, na bado huiita pikipiki ya marehemu. Kabureta iko sandukuni, safi, tayari kurudi kazini siku itakapohitajiwa.