Gari la Bati na Daftari la Babu

Nakusanya vitu vya kale vya kuchezea watoto, vile vya bati vilivyopakwa rangi kwa mkono. Ninavyo 11 tu, vimepangwa juu ya kabati la vitabu nyumbani kwangu hapa Nürnberg, mji wa Ujerumani uliosifika kwa ufundi huo katika karne ya 19.

Fundi wa zamani alikata bati, akalikunja, akaliunga kwa lehemu, ndipo brashi ikafuata. Kwa hiyo rangi hufunika hata viungo. Baadaye ukaenea uchapaji: picha ilichapwa kwanza juu ya bati bapa, kisha likakatwa na kukunjwa. Vilivyochapwa hufanana kama pacha. Vya mkono, kila kimoja kina mkono wa mtu ndani yake.

Cha kwanza kukinunua kilikuwa gari la farasi, lililobanduka rangi ubavuni. Nililionea huruma, nikalipaka nyekundu mpya, likang'aa. Mzee mmoja, mkusanyaji mwenzangu, aliligeuzageuza, akaliweka mezani taratibu, akauliza: "Nyekundu ya mwanzo iko wapi?" Ilikuwa chini ya yangu, wala sikuwa na njia ya kuibandua yangu nikaiacha ile salama.

Mwaka jana dada yangu alinikabidhi daftari la marehemu babu yetu wa Tanga, mashairi aliyoyaandika kwa hati za Kiarabu. Mchwa wamelila pembeni. Katika shairi la kumwomboleza bibi, mshororo mmoja umebakiwa na mizani 12 kati ya 16. Kina cha mwisho nakijua kutokana na mishororo jirani: ni "ni". Neno likanijia lenyewe: "mtimani". Mizani 4 kamili, kina sahihi, maana haikupindika. Nikaliandika kwa penseli katika nakala yangu.

Dada aliposomewa kwa simu, alifurahi. "Hilohilo, kaka. Babu angesema hivyo hivyo."

Usiku ule macho yangu yaliangukia lile gari. Nikawaza kwamba baada ya miaka michache hakuna atakayejua, na wajukuu wetu watamlilia bibi kwa neno langu wakidhani ni la mumewe. Nikalifuta.

Katika kitabu tunachokiandaa, pengo litaachwa wazi. "Mtimani" litakaa chini ya ukurasa, likitajwa kuwa ni dhana yangu. Dada hajaridhika. Asema shairi lenye pengo haliimbiki, na babu hakutunga ili asomwe kimyakimya. Katika hilo ana haki, nami sikuwa na jibu kwa siku kadhaa.

Mwishowe nilimwambia aliimbe na "mtimani", au na neno jingine lolote litakalomjia. Sauti ikishapita, karatasi hubaki kama babu na mchwa walivyoiacha.